Mbwa Mgonjwa wa Miaka 14,000 Iliyopita

Jirani yako akipita na bajaji, amempakata mbwa mwenye bandeji mguuni, anamkimbiza kwa daktari wa mifugo, unajua kabisa kijiweni watasema nini. "Huyu naye kaanza mambo ya Kizungu." Mbwa kazi yake kulinda, paka kazi yake panya, na asiyefanya kazi atafute pa kwenda. Kumlea mnyama kama mtu wa nyumbani, kumpa jina, kumnunulia dawa, kumlilia akifa, hayo eti ni mambo ya watu wenye hela za kuchezea, na yamekuja juzi tu pamoja na televisheni.

Mimi nasoma akiolojia, upande wa mifupa ya wanyama, na hoja hii naipenda kwa sababu moja: inapimika. Kama kumtunza mnyama asiye na faida ni desturi mpya ya matajiri, basi tukichimba makaburi na majalala ya watu wa kale hatutaikuta. Tukiikuta, tena kwa watu wasio na hela wala televisheni, itabidi kijiwe kitafute hoja nyingine.

Utauliza, mfupa unaonyeshaje upendo? Upendo wenyewe hauonekani, ni kweli. Lakini matendo yanaacha alama. Mnyama aliyeliwa ana alama za kisu kwenye viungo, mifupa yake imepasuliwa ili watu wapate uboho, na vipande vimetupwa pamoja na majivu na vigae vya vyungu. Mnyama aliyezikwa yuko mzima: uti wa mgongo umepangika, miguu imekunjwa, mara nyingine amefunikwa na kitu. Na kuna mnyama wa tatu, ambaye kwangu ndiye shahidi mkubwa kuliko wote, yule aliyeuguzwa. Mguu umevunjika ukaunga. Meno yameng'oka na taya limejifunga kabisa, maana yake mnyama aliishi muda mrefu bila meno. Sasa jiulize, mnyama wa kula nyama asiye na meno anaishije bila mtu wa kumpa chakula laini?

Twende Ujerumani kwanza. Mwaka 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, walikuta mifupa ya mwanamume na mwanamke. Pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mnyama, ambayo kwa miaka mingi haikupewa uzito. Ilipoangaliwa upya, ikaonekana ni ya mbwa, tena mbwa mdogo. Kaburi lile lina miaka kama 14,200. Hapo hakuna mkulima hata mmoja duniani, hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi wala kuku wa kufugwa. Watu wanawinda na kuchuma, na barafu ya zama za baridi ndiyo kwanza inarudi nyuma.

Mwaka 2018, timu iliyoongozwa na Luc Janssens, daktari wa mifugo aliyegeukia akiolojia, ilichapisha uchunguzi wa meno ya mbwa yule. Enameli, lile gamba gumu linalofunika jino, hujengwa hatua kwa hatua mtoto anapokua. Akiugua sana, ujenzi unasimama, na jino linabaki na mstari kama kovu. Ukijua umri ambao kila sehemu ya jino hujengwa, unaweza kusoma tarehe za ugonjwa kama unavyosoma kadi ya kliniki. Mbwa wa Oberkassel alikuwa na makovu ya wiki ya 19, ya 21 na ya 23 tangu azaliwe. Alikufa akiwa na wiki kama 27 au 28, yaani hajatimiza hata miezi saba.

Kwa daktari wa mifugo, mpangilio huo unaelekeza kwenye ugonjwa mmoja hasa: distempa. Ni ugonjwa wa virusi, na mbwa aliyechanjwa haupati kirahisi. Asiyechanjwa anapata homa, anaharisha, anatapika, anaishiwa maji, baadaye anaweza kupata degedege. Hali chakula, anajichafua, hawezi kusimama. Janssens na wenzake walisema wazi kwamba bila kuangaliwa, mbwa mdogo wa namna ile angekufa ndani ya wiki tatu tangu augue. Huyu alivuka mashambulizi matatu na akaishi wiki kadhaa zaidi. Mtu alimpa maji. Mtu alimfuta matapishi na kinyesi, akamweka mahali pa joto, pengine akamlisha kwa mkono. Wakati wote huo mbwa huyu hakuweza kuwinda wala kulinda chochote. Hata nyama yake nani angeitamani?

Unaweza kubisha kwamba walimtunza kwa kutarajia atakuja kuwa mwindaji mzuri. Sawa, inawezekana kwa shambulio la kwanza. Lakini kufika la tatu, mtu mwenye hesabu za faida tu angeshamwacha, maana watoto wengine wa mbwa walikuwepo. Halafu mbwa akalazwa kaburi moja na watu.

Si yeye peke yake. Huko Ain Mallaha, kwenye bonde la Hula kaskazini mwa Israeli, mtu mmoja alizikwa karibu miaka 12,000 iliyopita akiwa amejilaza kwa ubavu, na mkono wake umewekwa juu ya mwili wa mtoto wa mbwa. Ushahidi huo ulichapishwa mwaka 1978, na kila nikiiona picha ya kaburi lile sihitaji maelezo mengi. Waliomzika walijua mkono ule ukae wapi.

Paka yeye alichelewa, na alikuja kwa mlango mwingine. Mbwa aliingia kambini kwa wawindaji. Paka alisubiri mpaka watu waanze kulima. Kilimo kikaleta nafaka, nafaka ikaleta panya, panya wakamleta paka. Hakuna aliyemkamata. Alijileta mwenyewe, na ukimtazama paka yeyote leo utakubali kwamba bado anaamini nyumba ni yake. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wanatokana na paka pori wa aina ya Felis lybica, wa upande wa Mashariki ya Kati. Ndugu zake wa aina hiyohiyo wapo hapa kwetu, hata Serengeti. Ukikutana naye porini utadhani paka wa mtu kapotea, mpaka uone miguu mirefu na jinsi anavyokutazama bila heshima yoyote.

Mwaka 2004 wachimbaji wa Kifaransa walitangaza kaburi la kijiji cha kale cha Shillourokambos, kisiwani Cyprus. Mtu amezikwa, na sentimita kama 40 tu kutoka kwake amezikwa paka wa miezi minane hivi, mzima, bila alama ya kisu. Umri wa kaburi ni miaka 9,500. Utamu wa habari hii uko kwenye jiografia: Cyprus ni kisiwa, na hakikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo mtu alimpandisha paka chomboni akavuka naye bahari. Wewe umewahi kusafiri na paka kwenye daladala? Basi unajua kwamba hiyo haikuwa kazi ndogo.

Misri ya kale utakuwa unaijua kwa paka, na mimi nitaipita haraka, kwa sababu inapotosha. Ni kweli mtoto wa mfalme aliyeitwa Thutmose alimchongea paka wake, Ta-miu, jeneza la mawe lililopo Cairo hadi leo. (Kwa Kimisri cha kale paka ni "miu". Sisi tuna "nyau". Paka amejitaja mwenyewe kila alikokwenda.) Ni kweli pia kwamba kuna jiwe lililopatikana Giza mwaka 1935 linalosimulia mfalme alivyoagiza mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw apewe jeneza, kitani na ubani. Na Herodotus, mwandishi wa Kigiriki, aliandika kwamba paka akifa katika nyumba ya Mmisri, watu wa nyumba hunyoa nyusi. Akifa mbwa, hunyoa mwili mzima na kichwa.

Lakini Misri hiyohiyo, katika karne za baadaye, ilifuga paka kwa wingi ili wauawe, wakaushwe, wauzwe kwa mahujaji kama sadaka hekaluni. Wengi walinyongwa wakiwa wadogo. Mwaka 1890 maiti zao zilizokaushwa, zinazokadiriwa kufika 180,000, zilipelekwa kwa meli hadi Liverpool zikasagwa kuwa mbolea. Kwa hiyo mtu akikuambia Wamisri waliabudu paka, mwulize, paka gani? Kuabudiwa na kupendwa ni vitu viwili, na paka wa hekaluni angechagua cha pili.

Ndiyo maana sehemu ninayoipenda zaidi Misri haina piramidi. Inaitwa Berenike, bandari ya zamani kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Pale, nje ya mji, nyuma ya jalala, mtaalamu wa Kipolandi Marta Osypińska na wenzake walichimba eneo la maziko ya wanyama la karne ya 1 na ya 2 BK. Taarifa yao ya mwaka 2021 ilihesabu wanyama 585. Zaidi ya asilimia 90 ni paka, waliobaki karibu wote ni mbwa na kima wachache. Hawakukaushwa. Hawakunyongwa. Wamelazwa kama waliolala, wengine wamefunikwa kwa kitambaa au kigae cha chungu. Baadhi ya paka walivaa ukosi wa chuma shingoni, wengine shanga za kioo na za kombe.

Na wazee wapo. Wanyama waliopoteza meno na kuendelea kuishi, wanyama wenye mifupa iliyovunjika ikaunga. Mbwa mmoja mkubwa alifungwa kwenye mkeka wa majani ya mtende, na juu yake wakaweka vipande vya mtungi. Mabaki ya mlo wake wa mwisho yalikuwa bado tumboni: samaki na nyama ya mbuzi.

Sasa fikiria Berenike yenyewe ilivyo. Jangwa tupu. Hakuna shamba, maji ya kunywa ni shida, chakula kinaletwa kwa ngamia kutoka mto Nile, mwendo wa siku nyingi, au kwa meli. Wakazi ni mabaharia, wachukuzi, wafanyabiashara, askari. Katika mji kama huo kumpa mbwa kibogoyo nyama ya mbuzi ni gharama inayoonekana kwenye sahani yako mwenyewe. Kijiwe kitasema paka walikuwa wa kukamata panya wa bandarini, na nakubali, walikuwepo wa kazi hiyo. Lakini paka asiye na meno hakamati panya. Na shanga hazimsaidii kuwinda.

Berenike inatuhusu kwa njia nyingine pia. Kitabu cha safari za bahari cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja bandari hiyo, na kinapofuata pwani kushuka kusini kinaishia Rhapta, soko lililokuwa upande wetu wa Afrika Mashariki. Ni njia moja ya biashara. Sisemi paka wa Kariakoo ni wajukuu wa paka wa Berenike. Nasema watu waliozika wanyama wale walikuwa wa dunia ileile ya jahazi na msimu wa upepo ambayo babu zetu wa pwani waliiingia.

Kwetu, kwa kuwa mifupa ni michache, sikiliza lugha kwanza. Neno mbwa ni la kale sana. Kiganda embwa, Kinyarwanda imbwa, Kishona imbwa, Kilingala mbwa: wataalamu wanalirudisha kwenye lugha mama ya Kibantu, maelfu ya miaka nyuma. (Wakikuyu, kama kawaida yao, wana lao, ngui.) Ina maana wazee waliotoka magharibi na kusambaa nusu ya bara hili walitembea na mbwa wao na jina la mbwa wao. Ukija kwa paka, kila mtu na lake. Sisi paka, Waganda kkapa, Wanyarwanda injangwe, Wakikuyu nyau, Wazulu ikati, waliyoichukua kwa wageni. Mnyama mwenye majina mengi namna hiyo ni mgeni aliyefika watu wakiwa wameshatawanyika.

Pwani alifika kwenye bahari iliyojaa vyombo, na panya walikuwa wameshapanda. Utafiti wa mwaka 2017 uliotumia protini na DNA za mifupa ya kale ulionyesha kwamba panya weusi na kuku, wote wenye asili ya Asia, walikuwa wameshafika kwenye miji ya pwani yetu kufikia karne ya 7 na ya 8 BK. Unguja Ukuu ni moja ya sehemu zenye ushahidi huo. Palipo na jahazi la nafaka na panya, paka hakosi kazi. Ukienda Lamu leo utaoneshwa paka wembamba wa shingo ndefu, utaambiwa ndio paka wa Mafarao. Hadithi nzuri kwa mgeni aliyelipa nauli, ila kufanana na sanamu si ushahidi.

Kilichompa paka wa pwani nafasi ndani ya nyumba, zaidi ya panya, ni dini. Waislamu wanaisoma hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu paka anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaozunguka humo mwenu majumbani. Sahaba mwingine alijulikana kwa jina la Abu Hurayra, baba wa kipaka, na ndilo jina lililobaki. Ndipo ukutane na methali ya zamani ya hapa kwetu: paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama unavyoinga ndege shambani. Paka akishakuwa wa nyumba, hafukuzwi. Methali haikusema "paka anayekamata panya haingwa".

Mbwa pwani alibaki nje. Mchezea mbwa huingia naye msikitini, wanasema, na hawamaanishi kumsifu mtu. Ila kubaki nje hakukumwondolea haki: katika vitabu vilevile vya hadithi kuna habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alishuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili mbwa mwenye kiu anywe. Mtu huyo hakumfuga yule mbwa wala hakutegemea kulindiwa nyumba.

Kwa hiyo mnyama anatupa nini, kama si kazi tu? Mwaka 2015 timu ya Kijapani ya Miho Nagasawa iliwaweka watu na mbwa wao chumba kimoja kwa nusu saa, ikapima oksitosini kwenye mkojo wao kabla na baada. Oksitosini ni homoni inayopanda mama anapomnyonyesha na kumtazama mtoto wake. Wale waliotazamana sana machoni na mbwa wao, homoni ilipanda kwa mtu na ikapanda kwa mbwa pia. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu utotoni hawakuonyesha jambo hilo. Ni kana kwamba katika maelfu ya miaka ya kukaa pamoja, mbwa amejifunza kuingia kwenye mlango uliowekwa kwa ajili ya watoto wetu. Ukirudi nyumbani umechoka, umegombana na bosi, na mbwa anakupokea getini kama mtu aliyetoka Hija, faraja unayoisikia unaweza kuipima maabara.

Lakini hoja ya kijiweni, kwamba mbwa ni kengele ya mlango yenye miguu minne, ina gharama, na gharama hiyo tumeshailipa hapa. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege. Karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi walikufa, wanaokadiriwa kuwa 1,000. Virusi vilipochunguzwa, ilikuwa distempa, ugonjwa uleule ambao Janssens aliusoma kwenye meno ya mbwa wa Oberkassel, na kidole kilielekezwa kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, ambao hakuna aliyekuwa amewachanja. Baadaye ilionekana kwamba kuchanja mbwa peke yake hakutoshi kuwakinga simba, kwa kuwa virusi vinazunguka pia kwa wanyama pori wengine. Kwa kichaa cha mbwa hesabu ni nyepesi zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya watu wanaougua wameupata kwa mbwa, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa mbwa, sindano moja inatosha kumkinga kwa mwaka mzima au zaidi.

Siku ya chanjo kijijini ukipita, utakuta foleni, na wengi waliowaleta mbwa ni watoto, wamewafunga kamba za katani au kipande cha kanga. Baba mwenye boma yuko kwenye shughuli zake. Kwake yule ni mbwa wa kulinda mbuzi. Mwulize mtoto aliyeshika kamba mbwa wake anaitwa nani. Atakujibu hapo hapo, na atakuambia aangaliwe sikio la kushoto, maana tangu juzi analikuna.